Rola ya ethi iliyokataliwa: waya wa kijani na njano una daraja gani la volti?

Swali limetoka kwa fundi aliyeko Singida. Nimelifupisha hivi: "Shikamoo mhandisi. Nafunga umeme kwenye kiwanda cha kukamua alizeti chenye transfoma yake ya kVA 315, inayoshusha kutoka volti 33,000 hadi 400. Fezi nimetumia kebo za milimita mraba 240 za XLPE (plastiki inayovumilia joto kuliko PVC), ethi nimetumia waya wa kijani na njano wa 70 ulioandikwa 450/750 V. Mhandisi mshauri ameikataa rola nzima, anasema mkataba unataka kebo zote ziwe 0.6/1 kV. Msimamizi wa tajiri naye anasema ethi haina umeme, kwa hiyo ni volteji ndogo kabisa, niulaze kwenye trei moja na nyaya za kamera. Nani yuko sahihi? Na ethi hasa huhesabiwa kwenye daraja gani?"

Marahaba, fundi. Msimamizi amekosea, tutamrudia. Mhandisi wako ana haki nusu: sababu aliyoitoa haina uzito, ila kuna sababu nyingine mbili ambazo hakuzitaja na ambazo zinaweza kukufanya uuvue huo waya kweli. Kwa hiyo usimpelekee barua ya ubishi kabla hujasoma hadi chini.

Tuanze na yale maandishi kwenye ganda. Namba ya kwanza ni volti ambazo ganda limetengenezwa kuzihimili kila siku kati ya shaba iliyo ndani na ardhi. Namba ya pili ni volti kati ya waya na waya mwenzake. Madukani utakutana na familia tatu: 300/500, 450/750 na 600/1000. Hiyo 0.6/1 kV anayoitaka mhandisi ndiyo hiyo 600/1000, imeandikwa kwa kilovolti tu. Na ukikuta waya una maandishi ya H07V-R, hiyo 07 maana yake ni 450/750, V ni PVC, na R inasema nyuzi zake ni za kusokotwa lakini ngumu. Mwenye K mwishoni ni ule laini unaokunjika kirahisi.

Sasa mtandao wetu una volti 230 kati ya fezi na ardhi, na 400 kati ya fezi na fezi. Pembeni: vitabu vinaita hiyo 400 "volteji ya chini", na fundi yeyote aliyewahi kurushwa nayo hushangaa nani aliipa jina hilo. Mtaani tunaiita umeme mkubwa na tunaelewana. Lakini kwenye kanuni, volteji ya chini inaishia 1,000 kwa umeme wa AC na 1,500 kwa DC. Volteji ndogo kabisa, ile anayoitaja msimamizi, ni isiyozidi 50 kwa AC na 120 kwa DC iliyo tulivu. Juu ya volti 1,000 ndipo ulipo upande wa volti 33,000 wa transfoma yako.

Je, waya wa ethi huona volti ngapi maishani mwake? Siku za kawaida, karibu na sifuri. Siku ya hitilafu mambo hubadilika. Chukua soketi moja ya ofisini pale kiwandani, iliyofungwa kwa ile kebo bapa ya 2.5 ambayo ethi yake ndani ni 1.5. Fezi ya 2.5 ina ukinzani wa miliomu 7.41 kwa mita, ethi ya 1.5 ina 12.10. Fezi ikigusa bodi ya chuma ya birika, zile volti 230 zinagawana njiani kwa kufuata ukinzani huo, na sehemu kubwa inaangukia upande wa ethi. Piga hesabu: 230 mara 12.10, gawa kwa 19.51, unapata takriban volti 143. Hizo ndizo zitakazokuwa kwenye bodi ya birika na kwenye waya wa ethi mpaka breka ikate. Kama ethi imekatika mahali, au rodi imekaa kwenye mchanga mkavu na RCD (breka inayokata umeme ukivujia ardhini) hakuna, baa nzima ya ethi inaweza kupanda hadi karibu 230 na kubaki hapo. Kupita hapo haiwezi, kwa nguvu za upande huu wa transfoma.

Kwa hiyo ganda la 450 ni karibu mara mbili ya siku mbaya kuliko zote. Kwa volti peke yake, rola yako imefaulu.

Kuna ushahidi mwingine ambao huwa nawaonyesha vijana kazini. Chukua kipande cha hiyo kebo bapa, ichane koti kwa kisu, tazama ndani. Fezi ina ganda, nyutro ina ganda, na katikati yao ethi imelala uchi, shaba tupu. Kebo yenyewe kwa nje imeandikwa 300/500, lakini ule waya wa katikati hauna hata unyuzi wa plastiki. Kama ethi ingehitaji daraja la volti ili iitwe ethi, nyumba zilizofungwa kwa kebo hiyo kuanzia Tanga mpaka Kigoma zingekuwa na makosa. Hazina. Kinachoudhi ni mafundi wanaoichana kebo pale kwenye soketi na kuacha ule uchi ukining'inia nyuma ya bamba karibu na skrubu ya fezi. Hapo kanuni inataka uuvalishe kijimpira chake cha kijani na njano. Ni kazi ya nusu dakika, na wengi hawaifanyi.

Kanuni ninazozitumia ni BS 7671, zile za Waingereza tulizorithi vyuoni kwa jina la IEE, ambazo ndizo mafundi wengi wa kwetu wamefundishiwa. Humo mna sentensi inayoupa waya wa ethi daraja la volti, na nadhani ndiyo iliyozaa ugomvi wote huu. Inasema waya wa ulinzi wenye unene wa milimita mraba 6 kushuka chini, ukiwa umetembea peke yake nje ya kebo, uwe na ganda lisilopungua lile la waya wa 450/750. Soma tena: 6 kushuka chini, na 450/750. Haikusema 0.6/1 kV popote. Na waya mnene kuliko 6 haukuwekewa sharti hilo. Maana yake 70 yako, kwa sentensi hiyo, ungeweza kuitandaza ikiwa shaba tupu kuanzia transfoma mpaka bodi kubwa, ilimradi umeilinda isigongwe, isiliwe na kutu, na umeipaka au kuizungushia alama za kijani na njano.

Kwa nini basi wembamba wavalishwe? Si kwa hofu ya volti. Waya wa 4 ukikwaruzwa au kuminywa na bano unapoteza sehemu kubwa ya shaba yake, na ganda ndilo linaloupokea mkwaruzo kwanza. Wa 70 hauna habari na mikwaruzo ya namna hiyo.

Sharti jingine ambalo wakaguzi huligeuza vibaya: nyaya zenye ganda bila koti la nje, kama hizi za H07V, haziruhusiwi kulazwa wazi kwenye trei. Lazima zipite kwenye bomba au tranki. Ni kweli kwa fezi na nyutro. Lakini sharti hilo hilo, ukilisoma hadi mwisho, linautoa waya wa ulinzi. Ethi yako ya kijani na njano inaweza kulala kwenye trei bila koti, na huo si uvunjaji wa kanuni.

Sasa niseme jambo linalowashangaza hata wahandisi. Waya wa PVC wa 70 wa 450/750 una ganda la milimita 1.4. Kebo ya PVC ya 70 ya 0.6/1 kV, kwa viwango vya kimataifa vya IEC, ina ganda la milimita 1.4. Ni ile ile. Kiwandani wanakotengeneza, wa kwanza hujaribiwa kwa volti 2,500 na wa pili kwa 3,500, kila mmoja kwa dakika tano. Tofauti unayoiona kwa macho ni kwamba wa pili amevaa koti juu ya ganda. Kwa hiyo mtu anayekataa ethi ya 450/750 kwenye mtandao wa volti 400 "kwa usalama wa volti" anagombania koti bila kujua.

Lakini koti lina kazi yake. Ule urefu kutoka transfoma mpaka ukutani, unaopigwa na jua la Singida kuanzia saa moja asubuhi hadi jioni, utalikausha ganda la PVC ya kawaida mpaka lipasuke kama udongo wa bwawa wakati wa kiangazi. Nimewahi kufungua boksi la ethi kwenye jengo moja ambalo nyaya zake zilikaa juani miaka kadhaa: nilipoushika waya, ganda lilivunjika mkononi vipande vipande na rangi ya kijani ilikuwa imegeuka jivu. Shaba ilikuwa nzima na ethi ilipima vizuri. Lakini aliyekuja baada yangu angejuaje kwamba huo ni ethi? Kwa hiyo kipande cha nje, ama kipitishe ndani ya bomba la chuma, ama tumia kebo yenye koti jeusi na alama za kijani na njano miishoni, ama weka shaba tupu. Hapo mhandisi akisisitiza, mpe.

Kilichozikwa ardhini nacho kina hesabu yake. Waya wenye ganda linalouzuia kutu lakini usio na kinga ya majembe usipungue 16 za shaba. Ulio uchi kabisa usipungue 25. Huko volti hazitajwi. Kutoka baa ya ethi kwenda kwenye rodi, 70 ni zaidi ya mahitaji. Ukiwa na shimo la ethi linalopima omu 5, volti 230 zitasukuma ampea 46 tu kwenye udongo. Nguvu kubwa ya hitilafu ya upande wa 400 haiendi kwenye rodi. Inarudi kwenye nyota ya transfoma (pale inapotoka nyutro) kwa njia ya shaba, kupitia ule waya wako uliokataliwa.

Na hapo ndipo penye swali ambalo nyote watatu hamkuuliza: sekunde ngapi?

Transfoma ya kVA 315 kwenye volti 400 inatoa ampea 455 ikiwa imejaa. Kama kibao chake kinasema impidansi (kizuizi cha transfoma yenyewe kwa mkondo) ni asilimia 4, shoti mlangoni pake ni 455 gawa kwa 0.04, yaani karibu ampea 11,400. Kadiri unavyosogea mbali na transfoma namba hiyo inapungua, lakini tuchukue mbaya. Mkondo huo utapita kwenye waya wa ethi mpaka kitu fulani kikate. Ganda la PVC linaruhusiwa kufika nyuzi 160 za joto kwa muda huo mfupi, XLPE inaruhusiwa 250. Hesabu ni moja: zidisha mkondo kwa kipeuo cha pili cha sekunde, kisha gawa kwa namba ya waya, ile k ya vitabuni; jibu ni milimita mraba zinazotakiwa. PVC uliojitenga na kebo nyingine namba yake ni 143, XLPE uliojitenga ni 176.

Breka ikikata kwa sekunde 0.2, PVC inahitaji 36. Ikikata kwa nusu sekunde, 56. Umefaulu kote kuwili. Ikichukua sekunde nzima, PVC inahitaji 80 na wewe una 70. Umefeli. XLPE kwa sekunde hiyo hiyo inahitaji 65, umefaulu. Unaona sasa jinsi mhandisi anavyoweza kuwa sahihi kwa bahati? Kebo nyingi za 0.6/1 kV madukani ni za XLPE. Anadhani ananunua volti, kumbe anachopata ni uvumilivu wa joto.

Kuna jambo la pili, na hili linakuhusu zaidi. Umesema fezi ni XLPE za 240. Je, ethi umeifunga na tai pamoja nazo kwenye trei, au imejitenga? Ikifungwa pamoja nazo, haianzi safari ya hitilafu ikiwa na nyuzi 30. Inaanza ikiwa imeshapashwa na majirani. Namba yake inashuka kutoka 143 hadi 115, na kwa nusu sekunde unahitaji 70.1. Una 70. Kwa sekunde nzima unahitaji 99. Isitoshe, XLPE inaruhusiwa kufanya kazi kila siku ikiwa na nyuzi 90 wakati PVC mwisho wake ni 70. Waya wa PVC unaoegemea kebo ya nyuzi 90 mwaka mzima unapikwa taratibu. Fezi zako za 240 kwa ampea 455 huenda zisifike huko, lakini kiwanda kikiongeza mashine ya pili msimu ujao, je? Ikate tai, isogeze ethi pembeni ya trei. Hiyo peke yake inaweza kukuokoa.

Usiwaze kulichuna ganda ili uutumie ukiwa uchi. Shaba tupu mahali pa kawaida namba yake ni 159, lakini penye hatari ya moto inashuka hadi 138 kwa sababu hairuhusiwi kuzidi nyuzi 150. Na kiwanda cha alizeti, chenye mafuta sakafuni na vumbi la mashudu juu ya kila kitu, ni mahali pa hatari ya moto kama neno hilo lina maana.

Nani atakata, na kwa sekunde ngapi? Hitilafu ikitokea baada ya breka kubwa ya bodi, ni hiyo breka, na sehemu yake ya kukata papo hapo kwa kawaida iko chini kabisa ya hizo sekunde 0.2. Ila fungua kifuniko uitazame kwa macho: baadhi ya breka kubwa zina kirekebisho cha kuchelewesha, na nimeona zilizoachwa kwenye sekunde nzima kwa sababu hakuna aliyegusa. Hitilafu ikitokea kabla ya breka, kati ya transfoma na bodi, anayetakiwa kukata ni fyuzi za dropauti juu ya nguzo. Zile ampea 11,400 za upande wako, zikivuka transfoma kwenda upande wa volti 33,000, zinakuwa kama 80 tu. Waya wa fyuzi wa saizi inayotakiwa utaziona na kuyeyuka upesi. Waya mnene uliowekwa na mtu aliyechoka kupanda nguzo utaziangalia kwa utulivu. Muulize anayesimamia laini ameweka saizi gani, na uombe grafu yake, ile inayoonyesha mkondo gani unakatwa kwa sekunde ngapi.

Usisahau pia njia ya mkato ambayo mkaguzi anaweza kukushikia. Jedwali la kanuni linasema fezi ikizidi 35, ethi iwe nusu yake. Nusu ya 240 ni 120. Wewe umeweka 70. Hukukosea, kwa sababu kanuni zinakuruhusu kuchagua jedwali au hesabu, lakini ukiacha jedwali ni lazima hesabu iwepo kwenye karatasi, na sekunde ziwe zimetoka kwenye grafu halisi ya breka hiyo. Kama hesabu haipo, mhandisi ana haki ya kukataa 70 hata ingekuwa imeandikwa 1,000.

Tukiwa kwenye karatasi, nyaya za bondingi, zile zinazofunga bomba la maji, nguzo za paa na tangi la mafuta kwenye baa kuu, zina hesabu yake nyepesi: nusu ya waya wa ethi uendao kwenye rodi, zisipungue 6, na hakuna haja ya kuzidi 25. Ganda la 450/750 linazitosha.

Nimesema kwa volti umefaulu. Kuna mahali kwenye kazi hiyo hiyo ambapo nisingesema hivyo, na hapo ningesimama upande wa mhandisi bila ubishi: waya unaotoka kwenye nyutro ya transfoma kwenda kwenye rodi yake. Kama transfoma imefungwa kwa mtindo wa ethi mbili, moja ya bodi ya transfoma na chuma chake, nyingine ya nyutro ikiwa imezikwa mita kadhaa mbali, basi huo waya wa nyutro ni ethi ambayo ganda lake lina kazi ya kweli. Fikiria kikombe cha kauri cha upande wa volti 33,000 kimepasuka na umeme umeingia kwenye bodi ya transfoma. Tuseme mkondo wa ampea 300 unakwenda ardhini kupitia rodi ya omu 10. Bodi ya transfoma na udongo wa hapo karibu vimepanda hadi volti 3,000. Waya wa nyutro unapita katikati ya udongo huo, na ganda lake ndilo pekee linalozuia volti hizo zisiingie kwenye nyutro na kusafiri mpaka kwenye mota, soketi na simu iliyochomekwa kwenye chaji ofisini. Hapo weka kebo yenye ganda na koti, isiyo na kiungo hata kimoja njiani, ndani ya bomba la plastiki, na usikubali shaba tupu mpaka umefika mbali na ethi ya kwanza. Nimeona mafundi wakizifunga ethi hizo mbili pamoja "ili omu zishuke". Omu zilishuka kweli, na ile njia ya volti 3,000 ikawa wazi kwenda kiwandani. Ethi mbili huunganishwa pale tu mtu alipohesabu kwamba kupanda huko kwa volti hakutadhuru.

Kwenye vituo vikubwa kuna jamaa wa karibu wa waya huo. Nyutro ya transfoma kubwa au jenereta ya kilovolti 11 ikipelekwa ardhini kupitia rezista, ile kebo iliyo kati ya nyutro na rezista huitwa na wengi "ya ethi", na wengine huinunua kama ethi. Siku ya hitilafu inapanda hadi 11,000 gawa kwa 1.73, yaani volti 6,350. Hiyo ni kebo ya kilovolti kwa maana zote, tena ya upande wa juu. Kipande kinachotoka chini ya rezista kwenda kwenye rodi ndicho ethi, na kinaweza kuwa uchi.

Radi nayo usiihesabu kwa ganda. Umeme wake hauulizi 450 wala 1,000. Plastiki juu ya waya wa kushusha radi huwekwa dhidi ya kutu, na kinachokulinda na mruko wake ni umbali.

Msimamizi sasa. Hoja yake kwamba ethi ni volteji ndogo kabisa inavutia, maana kipimo chake kila siku kinaonyesha sifuri. Lakini daraja la volti ni la sakiti nzima, na ethi ni kiungo cha sakiti anayoilinda. Ethi ya mota ya volti 400 iko kwenye kundi moja na fezi za mota hiyo. Tuliona hapo juu kwamba ikifika siku yake, hata ethi ya soketi hubeba volti 143, karibu mara tatu ya mpaka wa 50. Nyaya za kamera ziko kundi la chini. Makundi mawili yakichangia njia moja, ama kila waya uwe na ganda linalotosha volti kubwa kuliko zote zilizomo, ama kuwe na kizuizi kati yao. Waya wa kamera hauna ganda la 230. Kwa hiyo trei yake iwe peke yake. Tena hata kama volti zisingekuwepo, ampea elfu kumi na moja zikipita sambamba na waya wa kamera kwa urefu wa mita 40, sidhani kama mashine ya kurekodia itaamka baada ya hapo. Ethi ikae karibu na fezi zake, bila kufungwa nazo.

Kabla ya kuandika barua, ipime hiyo rola, kwa sababu sokoni kuna nyaya za aluminiamu zilizopakwa shaba juu, zenye rangi safi na maandishi mazuri kuliko za kweli. Mizani ya magunia unayo hapo hapo kiwandani. Rola ya mita 100 ya 70, shaba peke yake inakaribia kilo 60, ongeza plastiki. Aluminiamu ya unene huo haifiki 20. Ukipata rola inayobebwa na kijana mmoja begani huku anapiga mluzi, ujumbe umeshafika. Kwa uhakika zaidi, ipime kwa kipimo cha miliomu: shaba ya 70 haizidi omu 0.268 kwa kilomita, kwa hiyo mita 100 zisizidi miliomu 27. Zile 143 na 176 nilizokupa ni za shaba tu. Aluminiamu yenye PVC ni 95, na hesabu yote inaporomoka.

Na kagua lagi, kile kichwa cha chuma mwishoni mwa waya kinachofungwa kwa boliti. Iwe imebanwa kwa mashine, si kwa nyundo, na rangi chini yake ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Siku moja nilitafuta tatizo la ethi nusu siku kwenye bodi mpya ya mradi mmoja, waya mnene, kila kitu kipya. Lagi ilikuwa imekaa juu ya rangi ya bodi iliyopikwa vizuri, na boliti ndiyo ilikuwa ikigusa kidogo. Waya ule ulikuwa wa 0.6/1 kV.

Barua yako kwa mhandisi iwe fupi na isiguse neno "umekosea". Mwandikie kwamba waya wa 70 wa 450/750 unatumika kama ethi ndani ya jengo tu, umetenganishwa na kebo za fezi, na breka kubwa inakata kwa sekunde kadhaa ulizosoma kwenye grafu, ambatisha grafu. Weka hesabu mstari kwa mstari. Sema kipande cha nje na waya wa nyutro utavibadilisha viwe vya koti, 0.6/1 kV, kama mkataba unavyotaka. Kisha omba kibali cha maandishi kwa sehemu iliyobaki, kwa sababu mkataba ukisema "kebo zote", kanuni za umeme hazikupi ruhusa ya kuuvunja. Anayeweza kuulegeza ni yeye aliyeusaini. Akikubali, hifadhi barua hiyo pamoja na fomu zako za ukaguzi, maana leseni itakayoulizwa ni yako.

Akikataa baada ya hapo, vua. Waya wa 70 wa PVC hautupwi: katakata vipande vya bondingi ya mabomba na matangi, rola itaisha hapo hapo kiwandani.